Mtoto wa Choma na Jina la Nchi ya Jirani

Na Mwandishi Wetu aliyekuwa Choma, Tabora

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi hiyo barabara ya kutoka Igunga kwenda Choma haikuwa na tofauti kubwa na jaruba la mpunga. Gari tulilopanda, ambalo maandishi ya ubavuni yalisema ni la abiria kumi na wanne, lilikuwa na watu ishirini na wawili, majogoo manne na cherehani moja. Mara tatu tuliteremka kulisukuma, wote isipokuwa wazee na cherehani. Dereva akatufariji kwamba hiyo ndiyo sababu watu wa huku wakaitwa Wasukuma. Wenyeji walicheka kwa adabu tu, maana mzaha huo wameusikia tangu utotoni. Wanajua vyema kwamba "sukuma" katika lugha yao ni upande wa kaskazini, wala halihusiani na gari lililokwama. Walio kaskazini ni Wasukuma, walio kusini ni Wadakama, na mtu huitwa kwa upande anakotazamwa.

Nianze na mzaha huo kwa sababu safari yangu yote ilikuja kugeuka kuwa habari ya majina. Sikutumwa kuandika majina. Nilitumwa kuandika habari za pamba.

Choma, ambayo wenyeji huiita kwa ukamilifu Choma cha Nkola, imo katika Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora, katika nchi tambarare ambamo Wanyamwezi na Wasukuma wamechanganyikana kwa ndoa na kwa mifugo hata mgeni hawezi kusema huyu ni nani na yule ni nani. Wakati wa kiangazi ardhi yake nyeusi hupasuka mipasuko ya kuingia mguu. Wakati wa mvua hugeuka tope lenye kunata ambalo mpunga hulipenda na magari hulichukia. Ng'ombe ni wengi, na mti mmoja mkubwa huonekana toka mbali kama nyumba. Mtu aliyezoea milima atasema hapa hapana cha kutazama, lakini akae hadi jioni mawingu yanapojikusanya upande wa mashariki, ndipo atakapojua kwamba watu wa hapa wameachiwa mbingu yote.

Siku hiyo mawingu hayakungoja jioni. Mvua ya pili ilinikuta njiani nikienda mashambani, nikakimbilia kwenye mji wa bibi mmoja ambaye jina lake sitalitaja, kwa kuwa aliniomba hivyo. Niliamkia "Mwangaluka", nikapewa kigoda, kisha chai na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Ndani ya nyumba kulikuwa na bibi huyo, mkwe wake kijana, jirani mzee aliyekimbilia mvua kama mimi, na mtoto mchanga wa kike mwenye siku tisa.

Mtoto hakuwa na jina. Kwa usahihi zaidi niseme alikuwa na majina mawili, na kila jina lilikuwa na mtu wake.

Kabula au Kenya?

Bibi alimwita mjukuu wake Kabula. Hapa hapana la kueleza kwa msomaji wa Tabora, Shinyanga au Mwanza, lakini kwa wa Lindi na wa Unguja niseme kwamba mvua kwa Kinyamwezi na Kisukuma ni "mbula". Mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Mabula, na wa kike Kabula. Ni kwa njia hiyo hiyo pacha huitwa Kulwa na Doto, na anayewafuata akaitwa Shija. Jina katika nchi hii ni kumbukumbu ya yaliyotokea, nalo huandikwa juu ya mtu badala ya daftari. Ukitajiwa majina ya ndugu saba wa nyumba moja, unaweza kujua mwaka upi mvua ilikuwa njema na mwaka upi walikula mizizi.

Mama wa mtoto alitaka aitwe Kenya.

Sababu yake haikuwa ya mapambo. Mumewe alikuwa utingo wa lori lililochukua mchele kwenda mpakani. Safari moja lori lilirudi bila yeye. Alivuka, akapata kibarua upande wa pili, akatuma salamu kwamba atakaa kidogo akusanye fedha za bati. Kidogo hicho kilikuwa kinakaribia mwaka. Fedha zilikuwa zikija kwa simu, mwezi huu ndiyo, mwezi ule hapana. Usiku mtoto alipozaliwa walimpigia, akasikika akicheka na kuuliza kama ni dume au jike, kisha sauti ikakatika.

"Mwanangu," bibi aliniambia, "wewe ni mtu wa magazeti, umesoma. Tueleze hilo jina maana yake nini. Maana mimi najua tu kwamba hiyo nchi imenichukulia mtoto, na sasa inataka na mjukuu."

Mwandishi wa habari akiulizwa swali namna hiyo mbele ya watu wanaomkirimu, hana budi kujikaza na kusema anayoyajua. Nikasema.

Kenya kwanza ni mlima, kisha ndipo ikawa nchi. Mlima huo una urefu wa mita 5,199, na kwa urefu huo ni wa pili Afrika, ukiwa nyuma ya Kilimanjaro yetu. Wakikuyu wanauita Kirinyaga. Jirani zao Wakamba wanautaja kwa sauti iliyo karibu zaidi na hiyo tunayoitumia leo, na mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, alipouona kwa mbali tarehe 3 Desemba 1849 kutoka nchi ya Ukambani, aliandika jina hilo kama sikio lake lilivyolipokea. Maelezo ya maana yake yanatofautiana kwa mwenye kueleza. Yanayosikika zaidi ni kwamba mlima ule, kwa theluji yake nyeupe na miamba yake myeusi, ulifananishwa na mbuni dume, ambaye manyoya yake ni meusi yenye nyeupe. Eneo lote lililouzunguka liliitwa na Waingereza Himaya ya Afrika ya Mashariki tangu 1895. Mwaka 1920 walipoligeuza kuwa koloni ndipo wakalipa jina la mlima, na Wakenya walipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 hawakulibadili.

"Mbuni," akasema bibi. Akamtazama mjukuu wake. "Basi na miguu anayo mirefu."

Mkwe alicheka, na nilifurahi, kwa kuwa tangu niingie sikuwa nimewaona wakicheka pamoja.

Jina lilivyovuka bahari

Nikaendelea kuwaeleza kwamba jina hilo, ambalo katika nyumba zetu si la kawaida, ng'ambo ya bahari ni la wasichana wengi. Huko Marekani lilianza kushika mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuenea katika miaka ya 1970, hasa miongoni mwa Wamarekani weusi. Hizo ndizo nyakati ambazo wazee wao walikuwa wakipigania haki zao, na vijana wao wakaanza kuuliza: kwa nini tuitwe kwa majina ya mabwana waliowamiliki babu zetu? Wakatafuta majina ya Afrika. Kiswahili kiliwafaa sana. Mwaka 1966 Maulana Karenga aliunda sikukuu ya Kwanzaa na kuipa maneno ya Kiswahili, kama umoja, ujima na imani, na watoto wakaanza kuitwa Imani na Nia katika miji ambayo hakuna anayesema Kiswahili. Mwaka 1974 mamia ya watu wa asili ya Afrika walikuja mpaka Dar es Salaam kwa Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, uliofanyika Chuo Kikuu.

Lakini mtu ambaye babu yake alifungwa minyororo na kuuzwa hawezi kujua kama alitoka Ibo au Gola au Kongo. Kijiji chake kimefutwa. Basi akachukua jina la nchi nzima. Kenya lilikuwa jina ambalo kila mmoja alilisikia redioni, nchi changa yenye uhuru na sifa ya Mau Mau. Isitoshe, linatamkika kwa urahisi na linaishia kwa "a" kama yanavyoishia majina mengi ya kike ya Kizungu. Mwaka 1971 katika mji wa Detroit alizaliwa Kenya Moore, ambaye mwaka 1993 alitawazwa Mrembo wa Marekani, na bila shaka wako wazazi waliomwona wakalipenda jina. Liko pia kwa wanaume, kama mtunzi wa filamu na vipindi vya televisheni Kenya Barris, lakini zaidi ni la wasichana. Limefika hata Mexico, ambako mwimbaji anayejulikana kama Kenia Os alizaliwa mwaka 1999, na huko huliandika kwa "i", jinsi Krapf alivyoliandika.

Msomaji asilichanganye hili na Asia, jina ambalo katika Tabora utalikuta kila mtaa. Hilo halikutoka kwenye ramani. Wazee wa Kiislamu wanalitoa kwa Asiya, mke wa Firauni aliyemlea Nabii Musa. Nimewahi kusoma mahali mtu akisifu upendo wa Waswahili kwa bara la Wachina.

Nilidhani nimeeleza vizuri. Bibi alikaa kimya akikanda kanda mguu wake, kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka Dar es Salaam na sijalitua.

"Hao wa Marekani walimpa mtoto jina la kule walikotolewa. Wana haki. Lakini huyu hakutolewa Kenya. Huyu katolewa hapa hapa, kwenye mkeka ule. Aliyeko huko ni baba yake."

Wapagazi na mtu aitwaye Bombay

Hapo jirani mzee, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akitafuna michembe bila neno, aliweka kikombe chini. Babu yake, alisema, alikuwa mpagazi.

Si jambo dogo kwa mtu wa nchi hii kusema hivyo. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, karibu kila jino la tembo lililotoka bara kwenda Bagamoyo lilipita juu ya bega la Mnyamwezi. Njia hiyo ilipita kusini ya hapa, kutoka pwani kupitia Mpwapwa, Ugogo na pori la Mgunda Mkali hadi Unyanyembe, ambako Waarabu na Waswahili walijenga nyumba zao na kupanda miembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Matawi yake yalikwenda kaskazini kwenye Ziwa. Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857 walitumia zaidi ya miezi minne kufika Kazeh, ndiyo Tabora. Wapagazi wenyewe, wasiokuwa na viti vya kubebwa, walikwenda upesi zaidi. Walikuwa wakiondoka kiangazi na kujitahidi kurudi mvua zinapoanza, wapate kulima. Si wote waliorudi.

Na hata jina la Unyamwezi, tukumbuke, lilitoka njiani. Wenyeji walijitambua kwa nchi za watemi wao, huyu wa Unyanyembe, yule wa Urambo. Watu wa pwani ndio waliowaita kwa pamoja watu wa nchi ya mwezi, kwa kuwa walitoka magharibi, upande mwezi mwandamo unakoonekana. Jina likarudi nao nyumbani pamoja na kaniki na shanga, wakalikubali, na leo ukilikataa mbele ya Mnyamwezi utatafuta pa kulala.

Mzee hakuyasema hayo yote; mengine nimeyaongeza mimi. Aliyoyasema yeye ni haya: katika ukoo wake alikuwako mtu aitwaye Safari, kwa sababu alizaliwa baba yake akiwa na mzigo mgongoni mahali fulani huko Ugogo. "Alipozaliwa hawakujua baba yuko wapi, wakamwita Safari. Siku hizi mnajua alipo, mnataja mahali. Ni jina lile lile. Tofauti ni simu."

Nikamuunga mkono kwa kisa cha Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akatekwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akarudi Afrika akiwa na jina la mji wa ugenini. Kwa jina hilo alipita Tabora na Burton na Speke, akapita tena na Stanley mwaka 1871, na kwa safari ya Cameron iliyoanza 1873 akavuka bara zima hadi bahari ya magharibi. Alifariki mwaka 1885. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote, lakini hilo la mji wanalijua wasomaji wa dunia nzima.

Nilidhani kisa hicho kitamsaidia mkwe. Kilimsaidia bibi.

"Umesikia?" akamwambia mkwe wake. "La mama yake halikuandikwa."

Mzee akajaribu njia nyingine. Kama ni nchi tu inayotakiwa, kwa nini asiitwe Tanzania? Tukacheka, ingawa si mzaha. Jina hilo ni changa kuliko yeye mzee. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na ilikuwa Oktoba mwaka huo nchi ilipoanza kuitwa Tanzania, baada ya wananchi kualikwa kushindana kutunga jina. Mmoja wa washindi, Mohammed Iqbal Dar, ameeleza kwamba alichukua Tan na Zan, akatia "i" ya Iqbal na "a" ya Ahmadiyya. Miaka hiyo watu walikuwa wakiandika historia juu ya watoto wao. Mtoto wa Mwalimu aliitwa Madaraka, na mtoto wa Mzee Kenyatta, aliyezaliwa 1961, akaitwa Uhuru. Lakini Tanzania kama jina la mtu halikushika. Maoni yangu ni kwamba mtu aliye nyumbani hana haja ya kuita nyumba yake kwa jina. Huita nyumba aliye mbali nayo.

Na hayo maoni yangu, nilipoyatamka, ndiyo yaliyomfanya mkwe aseme kwa mara ya kwanza maneno zaidi ya mawili. Alikuwa akimnyonyesha mtoto, hakuinua macho.

"Mama, mimi sitafuti jina zuri. Nataka akiitwa huyu hapa, yule kule asikie. Akipiga simu akauliza mtoto hajambo, niseme Kenya hajambo. Aone haya."

Mvua ilikuwa inapungua. Bibi alikaa muda mrefu.

"Safari ina kurudi," akasema. "Nchi haina kurudi, nchi inakaa pale pale. Na asiporudi, mwanangu? Huyu ataitwa hivyo akiwa na miaka kumi. Ataitwa hivyo siku ya kuolewa kwake. Kila mtu akimwita kuchota maji atamkumbusha. Wewe utakuwa umesahau, utakuwa umezeeka kama mimi, na yeye bado anaitika kosa la baba yake."

Mkwe hakujibu. Nami, niliyekuja na mlima na mbuni na mwaka 1849, sikuwa na la kuongeza.

Kadi ya zahanati

Kesho yake ilikuwa siku ya kumpeleka mtoto zahanati, na kadi ilikuwa juu ya kabati, imejazwa uzito na tarehe, mahali pa jina patupu. Bibi aliichukua, akaifuta kwa upande wa kanga, akanipa. Mkono wangu, alisema, ni wa kazi hiyo. Nikatoa kalamu, nikangoja, maana sikujua nimsikilize nani, na nilikuwa nimekula chakula cha wote wawili.

Alipozungumza, hakuniangalia mimi bali mkwe wake, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Aandike Kabula. Mvua ilinyesha, hakuna atakayebisha. Hilo lingine lina mwenyewe. Aje alitie yeye, hapa hapa, kwa mkono wake. Akija nitakubali. Nitaliita mimi wa kwanza."

Mkwe alifikiri. Kisha akamtoa mtoto titini, akamweka begani, akasogea karibu aone kadi.

"Basi aache nafasi," akasema.

Nikaandika Kabula kwa herufi kubwa, mwanzoni kabisa mwa mstari, nikaacha mbele yake nafasi ya kutosha neno moja. Mama alipima nafasi hiyo kwa kidole, akaridhika, akairudisha kadi juu ya kabati. Nje gari lilikuwa linapiga honi, na dereva alikuwa akiuliza kwa sauti kuu yuko wapi yule mwandishi, watu wanahitajika kusukuma.